Ruhusa, idhini, kibali na ridhaa: tunaomba nini, na tunakiomba kwa nani?

Mwana wa Pangani (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Naanzisha uzi huu kwa sababu ya barua niliyoiandika mwenyewe miaka kadhaa iliyopita. Bibi yangu mzaa mama alifariki Pangani, nami nilikuwa Dar es Salaam, mwaka wangu wa tatu kazini. Usiku ule nilimwandikia mwajiri barua iliyoanza kwa maneno ambayo wengi wetu tumewahi kuyaandika: "Naomba unipatie ruhusa ya siku 4 ili niende kumzika bibi yangu." Asubuhi nikajibiwa kwamba ruhusa haikupatikana kwa kuwa kazi zilikuwa nyingi. Nililikubali jibu lile, na bibi akazikwa bila mimi. Ilipita miezi mingi kabla mwenzangu mmoja hajanieleza kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 34, inampa mfanyakazi siku zisizopungua 4 zenye malipo anapofiwa na mtoto, mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Siku zile zilikuwa zangu kabla sijaziomba. Mwajiri alikosea, na kosa lake silipunguzi. Lakini barua yangu ndiyo iliyomwonyesha njia ya kukataa, kwa sababu anayeombwa ruhusa ana hiari ya kusema hapana.

Tangu hapo nimekuwa nikiyasikiliza kwa makini maneno tunayoyatumia tunapoomba au kupeana nafasi ya kutenda jambo. Ukiyatafuta kamusini, mara nyingi utayakuta yakizungushana: ruhusa ni idhini, idhini ni kibali, kibali ni ruhusa. Msomaji mwenye haraka atadhani ni neno moja lililovaa nguo nne. Mimi sioni hivyo, na ningependa kueleza kwa nini, ili wenye elimu zaidi wanisahihishe.

Nianze na ruhusa, kwa kuwa ndilo tunalolitamka kila siku. Limetoka katika neno la Kiarabu rukhsa, ambalo kwa wanazuoni wa fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, lina maana yake mahususi: ni nafuu anayopewa mtu mwenye udhuru, kama vile msafiri kufupisha sala au mgonjwa kula mchana wa Ramadhani. Kanuni ipo, na ruhusa inamfungulia mtu mmoja kwa sababu fulani. Asili hiyo bado inasikika katika matumizi yetu. Mwanafunzi yuko darasani, na kanuni ni kukaa, ndiyo maana anasimama na kusema, "Mwalimu, naomba ruhusa ya kwenda nje." Mgonjwa yuko wodini, na kanuni ni kubaki mpaka daktari aseme vinginevyo, ndiyo maana tunapigiana simu na kusema, "Mama ameruhusiwa," bila hata kutaja hospitali, na kila anayesikia anajua kwamba mama yuko njiani kurudi nyumbani. Anayefungua yuko juu ya anayefunguliwa, walau kwa wakati ule.

Nasema walau kwa wakati ule kwa sababu ya desturi moja ninayoipenda sana. Kwetu mgeni haondoki kwa kutangaza kwamba anaondoka. Hukaa, hunywa chai, kisha hujisogeza ukingoni mwa kiti na kusema, "Basi, sisi tunaomba ruhusa." Anaweza kuwa shekhe, mkuu wa wilaya au mkwe mwenye umri mkubwa kuliko baba mwenye nyumba, lakini ndani ya nyumba ile mwenyeji ndiye mwenye mlango. Mwenyeji naye haitoi ruhusa upesi, kwa kuwa kuitoa upesi ni kama kumfukuza mtu. Husema, "Mbona mapema hivi? Hata jua halijapoa." Mgeni huomba tena, na mara ya pili au ya tatu ndipo huambiwa, "Haya, ruhusa mnayo, tusalimieni wa nyumbani." Bibi yangu alikuwa hodari wa kuizuia ruhusa hiyo mpaka mgeni amefungiwa maandazi ya njiani.

Kuna pia umbo fupi la neno hili, ruksa, ambalo wengine huliandika rukhsa, na nadhani limekwisha kujitenga na kuwa na maana yake. Ruhusa huombwa na mtu kwa jambo lake. Ruksa hutangazwa kwa wote. Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeiongoza Tanzania kuanzia mwaka 1985 hadi 1995 na kufariki tarehe 29 Februari 2024, aliitwa Mzee Rukhsa kwa sababu katika kipindi chake biashara iliyokuwa imebanwa ilifunguliwa, na watu waliozoea kupanga foleni kwa ajili ya sabuni na sukari wakaanza kuona bidhaa madukani. Hakuna aliyekwenda kuomba kimoja kimoja. Jambo likiwa ruksa, haja ya kuomba imekwisha.

Kibali ni cha ofisini. Mzizi wake ni uleule wa kukubali, na limeingia katika ngeli ya ki-vi kana kwamba lilizaliwa huku, hata tunasema vibali kama tunavyosema vitabu. Tuna kibali cha ujenzi, kibali cha kazi kwa mgeni, kibali cha mazishi, kibali cha kusafirisha mifugo, na kibali cha utafiti kinachotolewa na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kibali kina mhuri na tarehe, na mara nyingi kina ada. Afisa akikuruhusu kwa mdomo tu, maneno yake hayatakusaidia kwenye kizuizi cha barabarani utakapoambiwa uonyeshe kibali. Makanisani neno hilihili lina sura laini zaidi, waumini wanapoomba kupata kibali mbele za Mungu, yaani kukubalika, na hapo mzizi unaonekana waziwazi.

Idhini nayo ina tabia ya kisarufi ambayo sijaona ikizungumzwa vya kutosha. Kitenzi kuruhusu humchukua mtu: mama alimruhusu mtoto, mlinzi ameturuhusu. Kitenzi kuidhinisha huchukua jambo au karatasi: Bunge limeidhinisha bajeti, mkurugenzi ameidhinisha malipo. Sijapata kumsikia mama akisema kwamba amemwidhinisha mtoto acheze.

Limebaki ridhaa, na hili ndilo lililonifanya nikae chini kuandika. Ridhaa ni ndugu wa radhi, kuridhia na kuridhika. Haishuki kutoka juu. Inatoka ndani ya mtu ambaye mwili, mali, jina au picha ni vyake. Hata neno kunradhi, tunalolisema tunapomkatiza mtu, ni kumwomba moyo wake uwe radhi. Mwenye mamlaka anaweza kuniruhusu nipige picha sokoni, na kibali nikawa nacho mfukoni, lakini yule mama muuza samaki ninayemwelekezea kamera bado hajaridhia. Tunapoliita kila jambo ruhusa, mama yule anatoweka, kwa sababu tunadhani kwamba tukishaipata ruhusa ya mkubwa wa soko tumemaliza.

Jambo hili limeingia hata mikononi mwetu. Simu inapotuuliza kama programu fulani iyaone majina ya watu wetu, kitufe kinaandikwa "Ruhusu", nasi tunabonyeza. Lakini majina na namba zile ni za shangazi, majirani na wafanyakazi wenzetu. Mimi naweza kuruhusu simu yangu ifunguliwe. Ridhaa ya shangazi sina. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na Kenya ilikwisha kutunga ya kwake mwaka 2019, na katika sheria zote mbili ridhaa inayozungumzwa ni ya mwenye taarifa.

Niseme pia kwamba Kiswahili hakihitaji hata neno moja kati ya haya ili kuomba. Niingie? Nikae hapa? Tuanze? Ile irabu e mwishoni mwa kitenzi, ikitamkwa kwa sauti ya kuuliza, inaukabidhi uamuzi kwa msikilizaji. Siku hizi nasikia zaidi "Naweza kuingia?", swali ambalo kwa sikio langu linauliza habari ya uwezo, nalo limekuja kwetu kupitia Kiingereza cha shuleni. Silichukii, lakini nasikitika ninapoona mtoto hajui tena kusema "Niingie?" na kusubiri.

Kuna na umbo la kutendwa lisilo na mtenda, ambalo tunalisoma kwenye vibao: "Hairuhusiwi kupiga picha." Nani haruhusu, na kwa sheria ipi? Kibao hakisemi. Nimewahi kuwauliza walinzi watatu wa mahali tofauti, kwa adabu, na wote wakanijibu kwa neno lilelile, hairuhusiwi.

Naomba kujua wenzangu mnayatumiaje maneno haya huko mliko, na kama kuna mahali nimekosea. Naomba kuwasilisha.

Binti Kisauni

Kaka Mwana wa Pangani, asante kwa uzi wenye uzito, na pole kwa bibi. Nipo Mombasa, na nina mambo matatu ya kukuongezea, moja likiwa ni la kukusahihisha.

Umeandika mengi juu ya mlango bila kutaja hodi, ilhali hodi ndiyo ruhusa ya kwanza aliyofunzwa mtoto wa pwani. Sisi tulifunzwa kupiga hodi mara tatu, na usipojibiwa unarudi ulikotoka bila kinyongo na bila kuchungulia dirishani. Msingi wake umo katika Surat an-Nur, aya ya 27 na ya 28, zinazokataza kuingia nyumba za watu mpaka uombe ruhusa na uwasalimu wenyewe, na zinazosema kwamba ukiambiwa rudi, urudi. Aya ya 58 ya sura hiyohiyo inawataka hata watumishi na watoto wa ndani ya nyumba waombe ruhusa katika nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo wapumzike, na baada ya sala ya isha. Kwa hiyo mtoto naye hufunzwa kwamba chumba cha wazazi kina saa zake. Na utazame kwamba anayepiga hodi haulizi kama mlango uko wazi. Mlango huenda uko wazi kabisa, na bado hodi inapigwa.

La pili ni idhini. Umesema ruhusa inashuka kutoka kwa mkubwa, ukaiweka idhini ofisini pamoja na bajeti. Huku kwetu, siku ya nikahi, bi harusi huendewa ndani kuchukuliwa idhini yake kabla ya walii, yaani msimamizi wake wa ndoa, kumwozesha. Ni baba anayehitaji idhini ya binti ili amsemee mbele ya shekhe na mashahidi. Hapo idhini inapanda, haishuki. Bila shaka nimeona pia nyumba ambamo jambo hili limefanywa kuwa la kupitia tu, binti akiwa amezungukwa na mashangazi kumi na sauti yake haisikiki, na watu wakatosheka na kimya chake. Hilo linaniuma, kwa sababu desturi yenyewe imewekwa ili asikike yeye.

La tatu ni lile la kukusahihisha. Umesema kuidhinisha hakumchukui mtu. Kenya kunamchukua. Wakati wa uchaguzi utasikia katika kila taarifa ya habari kwamba IEBC, tume yetu ya uchaguzi, imemwidhinisha fulani kuwania kiti fulani, au kwamba fulani hajaidhinishwa.

Mwana wa Pangani

Dada Binti Kisauni, nakushukuru, na nakubali kwamba nimeshindwa katika mambo yote matatu. Kwetu Tanzania tume ya uchaguzi humteua mgombea, ndiyo maana matumizi yenu yalinipita. Nikiyatafakari pamoja na lile la bi harusi, naona tabia moja ya idhini ambayo sikuiona mwanzoni: idhini hulifanya tendo la mtu mwingine lisimame kisheria. Bajeti bila idhini ni makadirio tu, mgombea bila idhini ni mtu aliyejaza fomu, na walii bila idhini ya binti hana la kusema. Ruhusa inakuacha utende. Idhini inalitia tendo lako nguvu. Kama tofauti hii inasimama, basi mtoa idhini si lazima awe mkubwa, ila ni lazima awe ndiye ambaye bila yeye jambo halipo.

Na kuhusu hodi, naona haya kwamba niliisahau.

Muuguzi wa Zamu

Habari zenu. Nimefanya kazi wodi ya upasuaji na wodi ya wazazi kwa miaka mingi, na maneno haya mawili, ruhusa na ridhaa, ndiyo niliyoshinda nayo na kulala nayo.

Kabla ya upasuaji kuna fomu ya ridhaa. Mgonjwa akiwa mtu mzima mwenye fahamu zake, ridhaa ni yake, na kazi yetu ni kumweleza tutakachofanya, madhara yanayoweza kutokea na njia nyingine zilizopo, kisha tumwachie nafasi ya kuuliza. Fomu yenyewe ni kumbukumbu tu ya mazungumzo hayo. Lakini mara ngapi nimesimama na fomu mbele ya mama mjamzito anayehitaji kupasuliwa, mwenye fahamu kamili, naye akaniambia, "Ngoja kwanza mume wangu atoe ruhusa," na mume yuko safarini, simu haipatikani, na mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka? Simlaumu mama yule, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, na kuwashirikisha ndugu ni jambo jema. Tunaolaumika ni sisi watumishi tunaposema, "Weka saini hapa uturuhusu," kama kwamba tunaomba njia ya kupita. Nilipobadilisha maneno yangu na kuanza kusema, "Mama, mwili ni wako, nataka nijue wewe mwenyewe umeridhia," niliona wengi wakinyanyua macho na kuanza kuuliza maswali ambayo hawakuwa wameyauliza. Neno liliwapa nafasi.

Umeandika pia juu ya kuruhusiwa kutoka hospitali. Ongeza hili: kuna wagonjwa ambao daktari amekwisha kuwaruhusu na bado wako kitandani, wakisubiri ndugu wamalize kulipa. Ukiwauliza watakuambia, "Nimeruhusiwa tangu juzi, ila sijaruhusiwa." Kitenzi ni kimoja, lakini waliokishika ni wawili, daktari na dirisha la malipo.

Wakili Mstaafu

Ndugu mwanzisha uzi, umeligusa jambo ambalo mahakama zetu zimelishughulikia kwa miaka mingi. Nitatoa mifano miwili tu.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema katika kifungu cha 16 kwamba ndoa haifungwi isipokuwa kwa ridhaa ya hiari ya kila mmoja wa wanaooana. Hata hivyo kifungu cha 13 kiliweka umri wa chini kuwa miaka 18 kwa mvulana na 15 kwa msichana, na kikaiachia mahakama nafasi ya kutoa ruhusa kwa aliyefikisha miaka 14 kukiwa na sababu maalumu. Kifungu cha 17 nacho kikataka msichana asiyetimiza miaka 18 awe na ridhaa ya baba yake, au ya mama ikiwa baba amefariki. Tazameni jinsi maneno yalivyopangwa humo. Ridhaa ambayo kwa asili yake ni ya mtu mwenyewe ilichukuliwa na mzazi kwa niaba ya mtoto ambaye kwa umri wake hakuweza kuitoa. Rebeca Gyumi alifungua shauri Mahakama Kuu, na mwaka 2016 mahakama hiyo ikaamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa, na mwezi Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na Mahakama Kuu.

Mfano wa pili unafanana sana na barua yako ya msiba. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, sheria zetu zilitaka anayetaka kufanya mkutano au maandamano awe na kibali. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga sharti hilo mahakamani, na mwaka 1994 Jaji Lugakingira aliamua kwamba linakiuka haki ya kukusanyika iliyomo katika ibara ya 20 ya Katiba. Sheria ikabadilishwa, na leo Sheria ya Jeshi la Polisi, kifungu cha 43, inataka taarifa ya maandishi isiyopungua saa 48 kabla ya mkutano. Ni taarifa, wala si ombi. Polisi wanaweza kuuzuia mkutano kwa sababu zilizotajwa na sheria, lakini hapo wao ndio wenye mzigo wa kueleza sababu. Anayeomba kibali, mzigo huo anaubeba yeye. Kenya nako utaratibu ni wa taarifa, siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla, na ibara ya 37 ya Katiba ya mwaka 2010 inailinda haki yenyewe.

Pamoja na hayo, miaka yote hii magazeti yameendelea kuandika kwamba chama fulani "kimeomba kibali" na polisi "wamenyima kibali", na viongozi wa vyama wenyewe husema hivyo. Mikutano ya hadhara ilipozuiwa kwa tamko mwaka 2016, na zuio likaondolewa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Januari 2023, watu wengi walisema mikutano imeruhusiwa. Nilifurahi kwamba ilirejea. Lakini nilitamani tuseme kwamba zuio limeondolewa, kwa kuwa haki yenyewe haikuwa imekwenda popote.

Mpenda Lugha

Ndugu zangu, nimewasoma nyote kwa heshima, nami naomba kutofautiana kidogo. Lugha ni ya wanaoizungumza. Mamilioni ya watu wanasema ruhusa kwa kila jambo na wanaelewana. Mama akisema "mume wangu atoe ruhusa" na muuguzi akisema "ridhaa", tofauti iliyopo ni ya mamlaka ndani ya ndoa, wala haitaondoka kwa kubadilisha neno. Vilevile "Naweza kuingia?" ni adabu kamili kwa kijana wa leo. Tukianza kuwasahihisha watu njiani tutawafanya waione lugha yao kuwa ngumu.

Mwana wa Pangani

Ndugu Mpenda Lugha, nakubaliana nawe juu ya "Naweza kuingia?" na nilisema silichukii. Mtu anayepiga hodi kwa maneno yoyote amekwisha kuonyesha adabu, nami sitamsahihisha mlangoni.

Kuhusu hayo mengine siwezi kukubali, na sababu zangu zimetolewa na waliotangulia. Dada muuguzi hakuibadilisha ndoa ya mtu, lakini amesema wagonjwa walianza kuuliza maswali. Hilo si dogo. Wakili ametuonyesha kwamba anayeandika "naomba kibali" mahali ambapo sheria inataka taarifa anajitwika mzigo usio wake. Mimi sikuzungumzia mazungumzo ya barazani, ambako ruhusa inatosha na inapendeza. Nazungumzia barua, fomu, tangazo na kitufe, mahali ambapo neno lililoandikwa ndilo litakalosomwa na mtu mwenye uwezo wa kukukatalia.

Mgeni Jukwaani

Shikamooni wakubwa. Nimejiunga leo kwa sababu ya uzi huu. Babu yangu amefariki alfajiri hii Kondoa, nami niko Mwanza, nina mwaka na miezi kazini. Msimamizi amesema niandike barua ya kuomba ruhusa ya wiki moja. Niandike nini?

Mwana wa Pangani

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Mungu amlaze babu mahali pema.

Wiki hiyo igawanye. Siku 4 za mwanzo ni zako kwa kifungu cha 34, kwa sharti kwamba hujazitumia kwa msiba mwingine au kwa kuuguza mtoto ndani ya mzunguko huu wa likizo, kwa hiyo hizo unazitolea taarifa. Siku 3 zinazobaki ni hiari ya mwajiri, na hapo neno ruhusa ndipo mahali pake, nawe uliandike kwa unyenyekevu wote. Mwajiri ana haki ya kutaka uthibitisho unaofaa, basi utaje mwenyewe kabla hajauuliza. Kwa siku zile 4 usiandike "iwapo utaona inafaa", wala usieleze kwamba babu ndiye aliyekulea, hata kama ndivyo ilivyokuwa. Hilo tuachie sisi watu wako. Iandike hivi:

"Natoa taarifa kwamba babu yangu mzaa baba amefariki leo alfajiri huko Kondoa. Kwa mujibu wa kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, sitakuwepo kazini kwa siku 4 kuanzia leo ili nishiriki mazishi. Kwa kuwa safari ni ndefu, naomba pia ruhusa ya siku 3 zaidi bila malipo. Nitawasilisha uthibitisho wa msiba nitakaporejea."

Itume sasa hivi kwa barua pepe na kwa ujumbe wa simu, ubaki na nakala, kisha uende ukate tiketi.